Tuyapime makao ya wazee kwa lugha, si kwa vigae

Neno moja tu, tena la silabi mbili, ndilo lililonisukuma kuishika kalamu leo. Neno lenyewe ni "manzi". Vijana wetu wa mijini watatabasamu, maana katika Sheng manzi ni msichana, hasa yule ambaye kijana amempenda. Lakini huko Ukambani manzi ni maji. Siku moja ya mwaka 2023, bibi wa miaka 79 aliketi kwenye kiti chake katika makao fulani ya wazee viungani mwa Nairobi akiomba manzi tangu asubuhi, nao vijana waliolipwa kumtunza wakawa wanaangua kicheko: "Shosho anataka manzi!" Nilipofika jioni kumjulia hali, midomo yake ilikuwa imekauka mithili ya udongo wa Kibwezi mwezi wa Septemba. Bibi huyo ni mama yangu mkubwa, dada ya marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na umri wa miaka sita. Mimi humwita Mama, na hivyo ndivyo nitakavyomwita katika makala haya.

Makao hayo sitayataja jina. Sababu ni kwamba kosa halikuwa lao pekee, kama nitakavyokiri hivi punde.

Kwanza nimjulishe kwa msomaji. Tangu mwaka 1965 hadi 1999 Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alifundisha darasa la kwanza. Alistaafu akiwa na miaka 55, kwani huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu kabla ya serikali kuusogeza hadi 60 mwaka 2009. Waliosoma zamani hizo watavikumbuka vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, ambavyo watoto wa mashambani walivitumia kujifunza kusoma kwa lugha za mama zao kabla ya kukabidhiwa Kiswahili na Kiingereza. Mama alivifundisha vile vya Kikamba kwa moyo wake wote. Yeye ndiye aliyenionyesha, kabla ya profesa yeyote, kwamba Kikamba kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano. Alinichorea zote saba kwa chaki juu ya sakafu ya jikoni.

Dalili zilianza taratibu. Sufuria iliungua mekoni. Swali lile lile liliulizwa mara tatu kabla ya chai kupoa. Kisha siku moja alipotea sokoni Wote, soko alilokuwa akilijua kuliko kiganja chake. Watu wa pwani wana neno lao kwa hali hii: husema mzee "amepiswa". Ni neno lenye sura ya kutendwa, kana kwamba kuna mtu au kitu kilichomfanyia mzee jambo hilo. Bara hatuna hata staha hiyo. Husema tu kwamba mzee amerudi utotoni, na wengine hunong'ona kuhusu uchawi. Sayansi ina maelezo yake, nayo si mageni. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake mjini Tübingen kisa cha mwanamke mmoja aliyemhudumia Frankfurt tangu mwaka 1901. Jambo linalonigusa mimi, mtu wa isimu, ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za awali kuhusu mgonjwa huyo ni mazungumzo: swali na jibu, swali na jibu. Ubongo aliuchunguza baadaye, baada ya mgonjwa kufariki. Kwanza alimsikiliza. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na maradhi ya aina hii ya kupoteza kumbukumbu, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Ilipodhihirika kwamba Mama hawezi tena kukaa peke yake, nilianza kuzunguka nikitafuta makao. Nakiri kwamba niliyatazama kwa macho ambayo karibu kila mmoja wetu huyatumia. Nilitazama vigae vya sakafu. Nikaona bafu zina vyuma vya kushikilia na milango ni mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu. Nikaonyeshwa kamera ukutani, jenereta, kizima-moto, ratiba ya chakula na vyeti vya wauguzi vilivyowekwa kwenye fremu. Msimamizi alinifunulia orodha ya ukaguzi yenye kurasa kadhaa, kila kisanduku kikiwa na alama ya vema. Ada ya mwezi ilimeza nusu ya mshahara wangu na ziada, nami nikajiambia kuwa kizuri hakina budi kuwa ghali.

Hapo ndipo nilipopewa fomu. Mojawapo ya mistari yake iliuliza lugha azungumzazo mgonjwa. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliyewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi habari za lugha ya kwanza na lugha ya pili, niliandika kwa hati nzuri: "Kiswahili na Kiingereza." Kikamba sikukitaja. Labda niliona ni jambo la wazi mno. Labda, na hili ndilo linaloniuma, nilitaka wafahamu kuwa wanaletewa mwanamke msomi. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeweza kuniambia yatakayotokea. Tangu mwaka 1881 Mfaransa Ribot alikwisha kuandika kwamba kumbukumbu zinapobomoka, zilizojengwa mwisho ndizo hutangulia kuanguka, na zile za kale hubaki zimesimama muda mrefu zaidi. Si kila mgonjwa hufuata njia hiyo, na mjadala kuhusu watu wa lugha nyingi ungali mkali. Lakini kwa Mama ilikuwa hivyo. Kiingereza kilimtoka kwanza, kama mgeni aliyechoka kungoja chakula. Kiswahili kilibaki vipande vipande kwa miezi kadhaa: salamu, baadhi ya nambari, maneno ya ubaoni. Kisha Kikamba peke yake. Vijana wa makao, ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka Ukambani, waliandika katika daftari lao kwamba bibi "anapayuka maneno yasiyoeleweka". Niliyasoma mwenyewe. Siku hizo alizodaiwa kupayuka alikuwa akiuliza kama watoto wamekwisha kwenda nyumbani na kama mlango wa darasa umefungwa.

Nisiwalaumu vijana kabla sijawataja mabingwa. Daktari mmoja alimpima Mama kwa mtihani mashuhuri uliotungwa Marekani mwaka 1975 na Folstein na wenzake, wenye alama 30. Mgonjwa huulizwa mwaka, majira, nchi na mahali alipo. Hutajiwa vitu vitatu avikumbuke. Huambiwa atoe saba kutoka mia, kisha saba tena na tena, au aendeleze neno la Kiingereza kinyumenyume. Na hurudia kifungu kilichoundwa kwa viunganishi vya Kiingereza ambacho ukikitafsiri hakina ladha wala maana. Ilikuwa mwezi wa Novemba. Alipoulizwa ni majira gani, Mama alijibu kuwa ni wakati wa kupalilia. Daktari, kijana wa mjini, aliitazama karatasi yake akakosa mahali pa kuliandika jibu hilo. Mkulima yeyote wa Makueni angempa alama, kwa maana mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi huko, na Novemba jembe halilali. Kisha, kwa kutaka kumrahisishia, alimuuliza kaunti ya nyumbani kwake. Mama akasema Machakos. Kosa! Lakini Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya, na kaunti zenyewe zilianza kazi mwaka 2013. Mwanamke huyu alizaliwa, akasoma, akaolewa na kufundisha robo tatu ya maisha yake ya kazi katika wilaya ya Machakos. Sisemi kwamba hakuwa mgonjwa, wala sisemi mtihani huo haufai kitu. Nasema kwamba alama mbili kati ya zile alizozikosa zilikuwa za mtahini.

Baada ya kisa cha maji nilirudi na daftari. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford aliyefariki mwaka 1998, alishiriki kubuni njia ya kuyapima makao ya namna hii ambayo naiona ya maana kuliko orodha zote za ukaguzi. Mtazamaji huketi ukumbini kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika tano huandika yanayompata kila mmoja wa watu wachache aliowachagua: anafanya nini, ana uso gani, nani amemsemesha na kwa namna gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 Kitwood alieleza jinsi mgonjwa anavyoweza kuvunjwa utu wake na watu wasio na nia mbaya hata chembe: kwa kumfanya mtoto, kwa kumharakisha, kwa kusemezana juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Mimi sikupata mafunzo ya njia hiyo, na nilichofanya ni kivuli chake tu. Niliketi kwa saa mbili, yaani vipindi 24.

Mama alisemeshwa mara tano. Mara nne zilikuwa amri: kaa, meza, inua mkono, twende. Mara ya tano ilikuwa swali, lakini niliulizwa mimi: "Shosho amekunywa chai?" naye ameketi katikati yetu. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Alikuwa safi, amepakwa mafuta, nguo zimepigwa pasi. Mkaguzi angepita hapo na kuandika vema, vema, vema.

Naomba wasomaji walimu waniwie radhi nikiingia kidogo katika sarufi, maana hapa sarufi si mapambo. Kiswahili kimejaliwa njia nyingi za kumwambia mtu aketi. Kuna "kaa", na kuna "uketi", na kuna "karibu uketi, mwalimu". Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho haimgharimu mlezi hata sekunde mbili, lakini ya kwanza huambiwa hata mbwa. Kisha kuna kile kiambishi "ka-" ambacho Kiswahili cha mitaa yetu kimekipenda mno. "Fungua kamdomo, shosho." "Lete kamkono." Nilikisikia mara nyingi mno ukumbini humo. Ni kiambishi cha kumdekeza mtoto mchanga, na anayekitumia kwa mtu mzima huwa na upendo moyoni, sina shaka. Lakini mtu anayeambiwa "kamdomo" kutwa mara tatu kwa miezi hupokea habari fulani kumhusu, hata kama kumbukumbu yake haiwezi kuishika habari hiyo kwa dakika moja. Na hilo "shosho" lenyewe! Kila mwanamke humo alikuwa shosho na kila mwanamume alikuwa guka, wawe Wataita, Waluo au Wakamba. Majina yao yalikuwa kwenye chupa za dawa.

Kulikuwa na mtu mwingine ukumbini ambaye sitamsahau. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, kiziwi tangu utotoni, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlemaza mguu. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Aliwekwa pale kwa kuwa jamaa zake hawakuwa na pengine pa kumweka. Mikono yake ilikuwa ikisema bila kukoma, kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, nami nilijua kiasi kidogo cha kutambua kwamba ni lugha na si wasiwasi. Ilipozidi, mlezi mmoja alimwendea, akaishika mikono yote miwili kwa upole, akaibana mapajani mwake ili "atulie". Alitulia kweli. Naomba kila mwanafunzi anayesoma haya afikirie mtu akiziba kinywa chake kwa kiganja, kwa upole uo huo, kila anapoanza kuzungumza.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili gizani. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa hadhi na heshima, bila ya kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Namna ya kumwita mtu, basi, imo katika sheria kuu ya nchi. Imekosekana wapi? Katika ile orodha niliyofunuliwa na msimamizi, yenye mstari kuhusu kina cha tangi la maji na usio na mstari hata mmoja kuhusu nani anayeweza kuelewa anayeomba maji.

Najua yupo msomaji ambaye tangu aya ya kwanza amekuwa akitikisa kichwa. Mwafrika, atasema, hampeleki mzazi wake makaoni; huo ni uzungu. Hoja hiyo nimeisikia katika harusi na matangani, na mara nyingi aitoaye ni mwanamume ambaye hajapata kumbadilisha mzazi wake nguo zilizolowa saa nane za usiku. Kazi hiyo hufanywa na mabinti, na wake za wana, na kijana wa kike aliyeajiriwa kutoka kijijini kwa ujira mdogo. Wapo wazee waliofungiwa vyumbani mchana kutwa kwa sababu kila mtu yuko kazini. Wapo waliouawa. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Na kule Ganze, katika kaunti ya Kilifi, kuna kituo cha Kaya Godoma kilichoanzishwa kuwahifadhi wazee waliotishiwa maisha kwa tuhuma kama hizo. Nyumbani si mahali salama kwa jina tu. Mimi nilijaribu kumtunza Mama nyumbani kwa miezi saba, nikashindwa, na sioni haya tena kulisema.

Makao ya pili niliyoyapata hayana vigae. Sakafu ni ya saruji, na umeme ukipotea hutumia taa za sola. Nilipofika mara ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akianika shuka aliziacha, akanisalimu, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimeulizwa kule kwingine. Mama huitwaje na watu wanaomheshimu? Alikuwa akifanya kazi gani, na saa ngapi huamka? Huota kwa lugha gani? Hilo la mwisho lilinishinda kujibu mara moja. Nikamwuliza nami: mzee akikuambia neno usilolielewa, hufanya nini? Akasema huliandika kama lilivyosikika, na Jumapili huwauliza wageni. Akanionyesha daftari lenyewe. Lilikuwa na maneno ya Kiluhya, Kimeru, Kigiriama na mengine ambayo sikuyatambua, yameendelezwa vibaya, kila moja na maana yake pembeni: tumbo, baridi, mwanangu, choo. Nimeona tasnifu zilizotumia pesa nyingi zikakusanya data haba kuliko hiyo.

Zipo kasoro huko pia. Walezi ni wachache, na usiku hubaki mmoja kwa watu kumi na wanne. Mishahara yao ni ya kusikitisha, na wawili walio bora waliondoka mwaka jana kutafuta riziki Ughaibuni, ambako watawatunza wazee wa watu wengine. Wala siwezi kumdai msimamizi awe na mlezi wa kila lugha katika nchi yenye lugha zaidi ya 40. Lakini maneno thelathini yanatosha kumwondolea mtu sehemu kubwa ya hofu, na maneno thelathini hujifunzwa kwa juma moja. Sisi jamaa tunaweza kuyaandika siku ile ile ya fomu.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu walimu na wanafunzi. Idara zetu za isimu na za Kiswahili hutuma vijana kila mwaka kwenda kukusanya methali, vitendawili na lahaja, na ni vyema. Nimependekeza katika idara yetu kwamba baadhi yao wapelekwe katika makao ya wazee na ya watu wenye ulemavu, si kuwahoji wakazi kana kwamba ni maktaba, bali kuwatengenezea walezi vijidaftari vya maneno ya kila siku kwa lugha ya kila mkazi. Wale wanaojifunza Lugha ya Ishara wana kazi ya dharura zaidi. Pendekezo langu bado liko mezani. Mwenzangu mmoja ameuliza kama hiyo ni isimu au ni kazi ya kanisa, nami nimemwalika tuandamane Jumamosi akajionee. Yule bwana kiziwi nilimtafutia mkalimani aliyemtembelea mara mbili, kisha jamaa zake wakamhamisha, na mahali alipo sasa sipajui.

Mama sasa ana miaka 81. Mara nyingi hanitambui, na akinitambua huniita kwa jina la mjomba wake aliyefariki kabla sijazaliwa. Huko aliko huitwa Mwalimu. Mlezi wake wa mchana ni kijana kutoka Siaya ambaye, baada ya kuzoea "manzi", aliamua kujifunza na neno la pili la Kikamba lenye maana ya maji, yaani "kĩw'ũ", lenye irabu mbili na konsonanti moja ambazo ulimi usiozaliwa nazo huzitamka kwa shida. Jumamosi iliyopita nilimkuta amesimama mbele ya kiti cha Mama na gilasi mkononi, akijaribu kulitamka. Mama alitikisa kichwa. Akamwonyesha midomo yake kwa kidole, akalitamka polepole, akangoja. Kijana alirudia. Mama akatikisa kichwa tena. Mara ya sita ndipo alipoipokea ile gilasi akanywa.